Mkalimani wa Sajini

Kila siku kengele ya shule ikishalia, Chiriku alipita njia ileile. Kwanza alisimama kwenye dirisha la duka la dobi, ambako mama yake alikuwa akipiga pasi tangu asubuhi, akampungia mkono katikati ya mvuke. Kisha alivuka barabara, akaruka mtaro na kuingia kwenye kibanda cha mjomba wake, fundi redio. Hapo alikalia kreti tupu karibu na mlango, akafungua madaftari. Alitakiwa kufanya kazi za shule mpaka saa kumi na moja na nusu, mama atakapomaliza nguo za mwisho, waende nyumbani pamoja.

Jina la Chiriku hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mtaa, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na ukimtuma dukani kununua kiberiti, masimulizi ya safari yalichukua muda mrefu kuliko safari yenyewe.

Mwezi ule mteja mmoja alimletea Mjomba mashine ya gemu iliyokataa kuwaka. Mjomba aliifungua, akaipuliza vumbi, akabadilisha waya mmoja mwembamba kama unywele, ikawaka. Kumbe mwenyewe alikuwa amesafiri kikazi. Akasema kwa simu, "Kaa nayo mpaka nirudi, fundi. Ila ijaribu vizuri, isije ikanizimikia tena."

Mjomba alikuwa fundi mwaminifu. Aliijaribu Jumatatu. Akaijaribu Jumanne. Kufikia wiki ya tatu alikuwa bado anaijaribu, na redio za watu zimepangwa kwenye rafu zikisubiri kama wagonjwa ambao daktari wao ameenda harusini.

Ndani ya mashine mlikuwa na gemu moja tu. Ilikuwa hadithi ya askari mmoja, Sajini, aliyerudi kumtafuta mdogo wake kwenye mji uliohamwa baada ya bwawa kupasuka. Alipita kwenye nyumba zenye tope hadi madirishani, akipigana na watu wenye bunduki waliouteka mji huo. Cha ajabu, Sajini mwenyewe huwezi kumwona. Unaona mikono yake tu mbele yako, na bunduki, na ukungu wa pumzi yake kukiwa na baridi. Ukishika rimoti, mikono ile inakuwa yako. Ukigeuka, mji mzima unageuka. Mlango ukilia nyuma, wewe ndiye unayeshtuka. Halafu, ukidhani umeizoea hofu, unakuta meza yenye vikombe viwili na barua iliyoachwa, na unataka kujua nani aliiandika na kama alitoka salama. Hapo ndipo gemu ile ilipowakamata watu. Risasi ziliwaamsha, lakini barua ndizo zilizowarudisha kesho yake.

Mjomba alicheza kwa mwili wote. Risasi zikitoka kushoto, aliinama kulia, na tayari alikuwa ameshaanguka kutoka kitini mara mbili. Kinyozi, ambaye duka lake liligusana ukuta na kibanda, alikuja kuangalia akiwa na mashine ya kunyolea mkononi, na wateja wake walijifunza kusubiri na nusu ya kichwa. Yeye aliapa kwamba Sajini ana ndevu. "Mtu wa wiki tatu kwenye tope, atakosaje ndevu?" alisema. "Siku tukimwona uso, mtanikumbuka."

Wa tatu wao alikuwa Bibi wa Vifungo, aliyeuza vifungo, zipu, nyuzi na tepe kwenye meza nje ya kibanda. Bibi hakupenda bunduki hata kidogo. Zikianza kulia aliufunika uso kwa mtandio na kuuliza, "Zimekwisha?" Kinyozi akimwambia zimekwisha, aliufunua na kusogeza kigoda mbele. Alichokuja kutafuta ni mazungumzo.

Shida ni kwamba mazungumzo yote yalikuwa kwa Kiingereza, na maandishi yaliyopita chini ya kioo cha televisheni pia. Mjomba alikuwa bingwa wa kusoma waya, lakini vitabu aliviacha mapema. Siku mbili walikaa wakitazama midomo ya watu kama viziwi. Siku ya tatu Mjomba akageuka.

"Chiriku, wewe si unasoma Kiingereza shuleni?"

"Nasoma, Mjomba."

Hilo lilikuwa kweli. Kweli nyingine ilikuwa kwenye begi, imekunjwa mara nne na kufichwa ndani ya jalada la daftari: karatasi ya mtihani wa Kiingereza, alama thelathini na nane kwa mia.

Mwanzoni alijitahidi. Alisoma maandishi ya chini, akatafsiri alichokijua na kunyamaza kwenye asichokijua. Lakini maandishi yalipita mbio, na kila aliponyamaza watu watatu wazima walimgeukia. Katika kila maneno kumi aliyajua matatu. Basi yale saba akaanza kuyapika mwenyewe. Na Chiriku, kama mtaa mzima ulivyojua, alikuwa mpishi mzuri wa maneno.

Siku moja Kapteni, mkubwa wa Sajini, alitamka maneno matatu tu kwa hasira. Chiriku akasafisha koo.

"Anasema, 'Sajini, nilikulea kama mwanangu. Nilikufundisha kushika bunduki, nikakufundisha na kushika adabu. Leo unanipa kisogo mbele ya vijana wangu?'"

Bibi wa Vifungo alitikisa kichwa kwa huzuni. Kinyozi akahesabu kwenye vidole.

"Yote hayo kwa maneno matatu?"

"Ndiyo."

"Kiingereza ni lugha ya kubana sana," alisema Kinyozi kwa heshima, na hakuuliza tena.

Mambo yalianza kuharibika kwa Luteni. Huyu alikuwa mwanamke aliyemwelekeza Sajini njia kupitia redio ya upepo, na wote walimpenda. Alasiri moja redio ile ilikwaruza, sauti ikakatika, na maandishi yakapita. Chiriku alitambua neno moja tu, lile la kupotea.

"Tumempoteza Luteni," alisema kwa sauti ya msibani. "Amefariki."

Mjomba alizima televisheni kwa heshima. Kinyozi alifunga duka robo saa. Bibi wa Vifungo alitoka kwenda kwenye meza yake, akakata utepe mweusi, akaufunga kwenye pembe ya televisheni kwa mkono uliotetemeka, kama mikono yake ilivyokuwa ikitetemeka siku zote.

Jumanne iliyofuata Sajini alifungua mlango wa ghala, na Luteni akawa amekaa juu ya sanduku, mzima wa afya, anakunywa maji.

Mjomba aliusimamisha mchezo. Vichwa vitatu vilimgeukia Chiriku taratibu. Hapo ndipo angeweza kusema, "Nilikosea." Ni neno moja tu. Lakini lilimkwama kooni, na lingine likapita pembeni yake kwa urahisi.

"Huyo siye," alisema. "Ni pacha wake."

"Nilijua," alisema Bibi wa Vifungo. "Marehemu alikuwa na macho laini. Huyu macho yake makavu."

Uongo haupendi kulala peke yake. Ukiulaza mmoja, asubuhi unakuta umezaa. Pacha alihitaji sababu ya kutotajwa tangu mwanzo, kwa hiyo Chiriku alieleza kwamba mapacha hawa hawakusemezana miaka kumi. Waligombana nini? Waligombania cherehani ya marehemu mama yao. Nani aliichukua? Huyu mwenye macho makavu. Bibi wa Vifungo, ambaye maisha yake yote yalikuwa ya uzi na sindano, alilipokea jambo hilo vibaya sana. Kuanzia siku hiyo, kila Luteni alipotokea kwenye kioo, Bibi alimwambia, "Rudisha mali ya watu."

Sifa za Chiriku zilienea. Mtaa ukaanza kumwita Mkalimani. Mtu mmoja alimletea karatasi ya maelezo ya birika la umeme. Kijana mwingine alileta fulana ili aelezwe kilichoandikwa kifuani.

"Subira huvuta heri," alisema Chiriku, bila hata kusogea karibu.

Kijana aliondoka akitembea polepole, kifua mbele.

Alhamisi ya wiki ya tatu Bibi wa Vifungo alichelewa kufungua meza. Alikuwa ametoka hospitali, kwa kuwa sikio lake la kulia lilikuwa likivuma na jicho la kushoto likiwasha. Aliingia kibandani Mjomba akiwa tayari ameshika rimoti, akatoa kwenye mfuko chupa mbili ndogo nyeupe, zinazolingana kama mapacha wenyewe. Moja ilikuwa na kifuniko cheupe, nyingine cha buluu.

"Mkalimani, nisomee mwanangu. Moja ya jicho, moja ya sikio. Daktari alinieleza taratibu kabisa, lakini mawazo yangu yalikuwa kwa yule pacha na cherehani. Nilipofika nje sikukumbuka hata ipi ni ipi. Na maboksi nimeyatupa, yalinijazia mfuko."

Chiriku alizipokea. Juu ya kila chupa palikuwa na neno moja kubwa, refu kama treni, na chini yake mistari midogo kama sisimizi waliojipanga. Maneno yale mawili makubwa yote yalianza na herufi moja, na hakuwahi kuyaona popote. Mistari ya sisimizi ilihitaji kusogea kwenye mwanga na kusoma taratibu. Kwenye kioo Sajini alikuwa amesimama mbele ya daraja lililovunjika. Kinyozi alikuwa amemwacha mteja na nusu ya ndevu.

"Mkalimani, fanya haraka," alisema Kinyozi. "Tumekwama darajani."

"Hii ya kifuniko cheupe ni ya jicho," alisema Chiriku. "Ya buluu ni ya sikio. Matone matatu, asubuhi na jioni."

Aliyasema kwa sauti ileile aliyomzulia pacha. Bibi alirudia mara mbili ili asisahau, akamshukuru, akakaa kidogo tu, kisha akaenda zake nyumbani kupumzika, chumba chake kikiwa nyuma ya duka la dobi.

Sajini alivuka daraja, lakini Chiriku hakumwona akivuka. Alitafsiri kidogo, tena vibaya, na kabla ya saa kumi na moja alifunga begi akaenda kwa mama yake.

Mama alikuwa amebakiza shati moja la hariri. Aliligeuza ndani nje, akatazama kitambaa kidogo cha alama kilichoshonwa kwenye mshono, akalikunja na kuliweka pembeni bila kuligusa na pasi.

"Mbona hupigi hilo?" aliuliza Chiriku.

"Lina alama nisiyoijua. Namsubiri mwenye duka anieleze."

"Si ukisie tu, Mama? Wewe fundi."

"Nikisie kwenye nguo ya mtu?" Mama alishangaa kidogo, si kwa ukali. "Likiungua, nitalifufua?"

Chiriku aliitazama pasi. Aliona mvuke ukitoka chini yake. Shati likiungua, watu wananuna na shati linanunuliwa jingine. Lakini jicho halinunuliwi. Aliliacha begi sakafuni na kutoka mbio bila kuaga.

Alizunguka duka kwa upande wa barabara, akapita kama mshale mbele ya macho ya Kinyozi, aliyekuwa ng'ambo ya barabara. Kinyozi alipomwona akikimbia, alijua jambo moja tu: Sajini ameendelea bila yeye. Akatoka mbio pia, mashine ya kunyolea mkononi, waya ukiburuta nyuma yake. Mteja wake, shuka la kunyolea shingoni na ndevu upande mmoja, alijua naye jambo moja tu: anayekimbia ni kinyozi wake, na uso wake haujaisha. Akawafuata.

Walikuta mlango wa Bibi wa Vifungo umerudishwa tu. Bibi alikuwa amelala chali kitandani, miwani kifuani, chupa ya kifuniko cheupe juu ya jicho la kushoto. Mkono wake ulitetemeka. Tone lilitoka, likaanguka kwenye pua.

"Usiweke, Bibi," alisema Chiriku, akihema. Aliushika mkono ule kwa mikono yake miwili. "Umeshaweka?"

"Niweke wapi," alisema Bibi. "Tangu nimelala nalenga. Moja limeingia puani, moja kwenye nyusi, lingine sijui limekwenda wapi. Unasemaje, nianze na sikio?"

Chiriku alikaa chini kwenye mkeka. Kinyozi alisimama mlangoni, na nyuma ya bega lake ulionekana uso wa mteja, nusu mzee na nusu kijana. Mbele ya watu wote hao Chiriku alisema kwamba hajui dawa ipi ni ya nini. Hakuisoma. Alibahatisha. Na alipoanza, kama kawaida yake, hakuweza kusimama.

"Na yale ya kwenye gemu pia, Bibi. Mengi nimeyatunga. Kwenye mtihani nilipata thelathini na nane. Luteni hakufa. Hana pacha."

Bibi wa Vifungo alijiinua taratibu, akavaa miwani.

"Hana pacha?"

"Hana."

"Na cherehani?"

"Hakuna cherehani, Bibi."

Bibi aliifunga ile chupa. Alikuwa akifikiria, pengine, maneno yote aliyomwambia mwanamke asiye na hatia. "Hili la cherehani," alisema mwishowe, "limeniuma kuliko jicho lenyewe."

Kinyozi aliitazama mashine yake ya kunyolea, akaanza kuukunja waya.

Walikwenda duka la dawa wote wanne, maana mteja hakukubali kuachwa. Mfamasia alizishika zile chupa, akamtazama Bibi, kisha akamtazama Chiriku.

"Hii ya kifuniko cheupe ni ya sikio," alisema. "Ingeingia kwenye jicho, jicho lingewaka kama limetiwa pilipili, na sasa hivi ningekuwa nakurudisha hospitali. Ya jicho ni hii ya buluu. Tone moja, si matatu. Na maboksi ya dawa hayatupwi, Bibi. Ukisahau maelezo, rudi uulize. Tupo hapa kwa kazi hiyo."

"Imeandikwa wapi kwamba ni ya sikio?" aliuliza Chiriku kwa sauti ndogo.

Mfamasia aliweka ncha ya kalamu kwenye mstari wa tatu wa sisimizi. Chiriku alisogea karibu. Lilikuwa pale, fupi, herufi tatu tu: neno la Kiingereza la sikio, ambalo alifundishwa darasa la tatu kwa kuimbishwa huku ameshika masikio yake mwenyewe. Alilijua kabisa. Hakuwa amelitafuta. Jambo hilo lilimchoma zaidi kuliko yote, na alilia njia nzima kurudi kwa dobi, kimya kimya, na mtaa haukuwahi kumwona akifanya jambo lolote kimya.

Mama alisikiliza habari yote mpaka mwisho, pasi ikiwa imezimwa. Hakumpiga wala hakumfokea. Alisema tu, "Kesho utamwambia Mjomba kwa kinywa chako. Usingoje aambiwe na watu."

Mjomba alikuwa ameshaambiwa. Kinyozi akishajua jambo, mtaa umejua. Lakini Ijumaa Chiriku alipoingia kibandani, Mjomba alijifanya hana habari, akaendelea kukaza skrubu iliyokwisha kukazwa, akimpa nafasi. Chiriku alisema yote, akimalizia na karatasi ya mtihani, ambayo aliikunjua na kuiweka mezani.

Mjomba aliitazama karatasi, kisha televisheni.

"Wiki nzima namchukia dada wa watu kwa kosa la pacha asiyezaliwa," alisema.

"Nisamehe, Mjomba."

"Nimekusamehe." Alikuna kichwa. Macho yake yalikwenda kwenye rafu, kwenye safu ya redio zenye vumbi, yakakaa huko. "Na mimi nimekuwa nikiwaambia watu naijaribu mashine. Mashine ilipona siku ya kwanza."

Siku hiyo hakuna aliyecheza. Mjomba alifungua redio tatu, Chiriku akamshikia tochi. Wakapanga utaratibu: redio kwanza na kazi za shule kwanza, kisha Sajini nusu saa, kengele ya saa ya mezani ikilia wanazima hata kama yuko katikati ya moto. Jumatatu Chiriku alimfuata mwalimu wa Kiingereza ofisini kuomba kamusi. Mwalimu alivua miwani kumtazama vizuri. Katika mwaka mzima, hiyo ilikuwa mara ya kwanza Chiriku kuomba kitu kingine zaidi ya ruhusa ya kwenda kunywa maji.

Alasiri hiyo Sajini aliingia kwenye handaki refu la maji machafu. Kinyozi alikuwa amemaliza wateja wake wote, vichwa vizima. Bibi wa Vifungo alikuwa kwenye kigoda, jicho halina wekundu tena. Kutoka gizani akatokea mtu mwenye koti lililochanika, anakuja mbio, anapunga mikono na kupiga kelele. Mjomba alielekeza bunduki.

"Anasema nini?"

Wiki iliyopita Chiriku angejibu kabla swali halijaisha: anasema atatumaliza. Sasa aliyatazama yale maandishi ya chini.

"Sijui," alisema. "Ngoja nitafute."

Mjomba aliusimamisha mchezo. Mtu yule akaganda mdomo wazi. Chiriku alipekua kamusi, akalamba kidole, akapekua tena. Kinyozi alipiga miayo. Zilipita dakika tano nzima, kwa maneno sita.

"Anasema... 'Msipite hapa. Maji yanakuja.' Halafu anasema, 'Nifuateni.'"

Mjomba alishusha bunduki. Mtu yule akageuka, akawaongoza kwenye ngazi ya chuma, na walipokuwa nusu ya ngazi, maji yalipita chini yao kwa kishindo na kulijaza handaki hadi darini. Mjomba alifuta jasho. Kidole chake kilikuwa kimeshagusa kitufe cha risasi.

Kisha Kinyozi akauliza, akimtazama Chiriku bila hasira, "Na wale wengine waliotujia mbio wiki ya kwanza, tukawapiga risasi. Wao walikuwa wanasema nini?"

Chiriku aliinamisha kichwa. "Sijui. Nilisema wanatutukana. Sikusoma."

Bibi wa Vifungo alisogeza kigoda, akamvuta Chiriku akae karibu naye.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Kipaji cha kusimulia Mungu amekupa, na asikunyang'anye. Ukiwa na hadithi yako, njoo useme, 'Bibi, hii nimeitunga,' nami nitaacha vifungo vyangu nikusikilize. Lakini mtu akikupa maneno ya mwenzake umfikishie, huo ni mzigo wa mtu. Ufikishe kama ulivyo. Na ukiona ni mzito, sema ni mzito. Hakuna aliyepofuka kwa kusikia 'sijui.' Mimi nilikaribia kupofuka kwa kusikia 'najua.' Kuuliza si ujinga, na kutafuta si aibu, hata kama sisi wakubwa tunakuharakisha. Tukikuharakisha, tuache tusubiri."

"Tutasubiri," alisema Kinyozi, ingawa hakuwa mtu wa kusubiri.

Mjomba alitazama saa ya mezani. Zilibaki dakika kumi na mbili. Alibonyeza vitufe, akairudisha gemu mwanzo kabisa, Sajini akiwa bado yuko kwenye gari, mikono magotini, mvua ikipiga kioo. Maandishi ya kwanza yakatokea chini. Yalikuwa maneno tisa, na Chiriku aliyajua manne. Aliyasoma hayo manne kwa sauti, akasema matano hayajui, na watu wazima watatu wakakaa kimya, wakimngoja afungue kamusi.